Meza ya Halloween kwa Mazao ya Shamba

Ukiingia dukani Marekani wiki za mwisho za Septemba, utakuta rafu zimesheheni mafuvu ya plastiki, utando wa buibui wa nailoni na maboga ya sponji yasiyooza. Viache vilivyo. Pambo la meza la Halloween la mtindo wa shambani hupatikana kwenye kibanda cha mkulima kando ya barabara, chini ya mti ulioanza kupukutisha majani, na ndani ya kabati lako la viungo. Gharama yake ni ndogo, linanukia vizuri, na sehemu kubwa yake utaila. Hapa nitakueleza jinsi ya kulijenga juu ya meza ambapo watu watakaa, watakula na kutazamana usoni. Hilo la kutazamana ndilo wapambaji wengi hulisahau.

Halloween huangukia tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Huko Ireland na Uskoti majira hayohayo yalikuwa ya Samhain: mavuno yameingia ghalani, ng'ombe wamerudishwa kutoka malisho ya kiangazi, na nusu ya giza ya mwaka inaanza. Taa za usiku huo zilichongwa kwenye tanipu. Makumbusho ya Taifa ya Ireland, katika tawi lake la maisha ya vijijini kule Mayo, yamehifadhi nakala ya plasta ya taa moja ya tanipu kutoka Donegal, na sura yake inatisha kuliko chochote kinachouzwa leo. Wahamiaji wa Ireland, waliovuka bahari kwa wingi baada ya njaa kubwa iliyoanza 1845, walilikuta Amerika boga, zao la asili ya bara hilo, kubwa na rahisi kuchimbwa ndani, likachukua nafasi ya tanipu. Wamarekani nao hawakulitenga na shamba. Mwaka 1903 meya wa Circleville, mji mdogo wa Ohio ulio kusini mwa Columbus, alipanga mabua ya mahindi na maboga yaliyochongwa mbele ya ofisi yake ili kuwakutanisha watu wa mjini na wa mashambani. Maonyesho ya maboga ya Circleville yangalipo, na hufanyika mwezi wa Oktoba.

Masuke na mabua, basi, ndiyo Halloween katika umbo lake la zamani. Kinachotisha katika pambo la namna hii ni ukweli wake: ganda lililokauka, tawi lisilo na jani, mwanga mdogo unaochezacheza na giza linalobaki pembeni. Ukishakubali hilo, kazi inakuwa ya kuchagua vitu vichache vya kweli na kuvipa nafasi.

Najua familia nyingi za Waswahili ughaibuni, za Kiislamu na za Kikristo, huitazama sikukuu hii kwa mashaka, na kila nyumba ina haki ya kuamua yake. Nisemalo ni kwamba meza ya mavuno haidai fuvu wala mchawi. Viondoe, na watoto bado watapata usiku wao, nawe utapata meza ambayo moyo wako umeiridhia.

Kununua mapema, kuchagua kwa mkono

Nachukua Ohio kuwa mfano, kwa sababu ziko familia nyingi zinazozungumza Kiswahili mjini Columbus, na kwa sababu mwendo wa gari wa saa mbili hivi kuelekea kaskazini mashariki unakufikisha wilaya ya Holmes, kwa wakulima wa Amish. Huko maboga hupangwa juu ya mikokoteni mbele ya nyumba, na baadhi ya vibanda havina muuzaji, vina sanduku la pesa tu: unachukua, unalipa, unakwenda zako. Nenda kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Ukingoja hadi wiki ya sikukuu utakuta yamebaki yale ya kuchonga, ya rangi ya chungwa, na baadhi yameshapigwa na jalidi, ambayo hulainisha nyama ya boga na kuliozesha kabla ya wakati.

Boga zuri hujulikana kwa mkono. Bonyeza ganda kwa ukucha, usipopenya, limekomaa. Kikonyo kiwe kigumu, kikavu, na kirefu kadiri inavyowezekana, maana mezani kikonyo ndicho kinacholipa boga tabia yake, na lisilo nacho huanza kuoza kutokea pale kilipong'oka. Ndiyo maana hulibebi boga kwa kikonyo. Unalikumbatia kwa mikono miwili. Lipindue utazame kitako. Doa laini ni dalili mbaya, na kitako kinachoyumba kitakusumbua usiku mzima.

Rangi ndiyo itakayoamua kama meza yako ni ya shambani au ya dukani. Mimi huweka rangi ya chungwa kidogo sana, na zambarau siiweki kabisa. Tafuta Jarrahdale, boga la Australia lenye mbavu nene na rangi ya kijivu kinachoelekea buluu. Likikaa mbele ya mshumaa mbavu zake hutupa vivuli virefu. Tafuta Rouge Vif d'Etampes, la Kifaransa, bapa, jekundu la tofali. Long Island Cheese lina rangi ya ngozi ya mbuzi iliyokaushwa. Kwa madogo ya kujaza nafasi kuna Baby Boo, jeupe, na Jack Be Little, la chungwa, yote mawili yanayoenea kiganjani. Haya matatu makubwa yote yanalika, na hilo litatufaa baadaye.

Usiondoke kibandani kabla ya kutazama mamumunye. Mumunye lenye ganda gumu, lile tunalolikausha kuwa kibuyu, lina asili ya Afrika na lilifika Amerika maelfu ya miaka iliyopita. Wakulima wa Ohio hulikausha na kuliuza likiwa na madoa yake ya ukungu, meusi na ya kahawia, ambayo hayana haja ya kupakwa rangi. Karibu nayo utaona mashada ya mtama wa ufagio, masuke yake mekundu yaliyokolea hadi kukaribia weusi. Mtama nao ulitoka Afrika. Kwa meza ya msomaji huyu ninayemwandikia, ningeanza na hivi viwili, kisha boga.

Mahindi ya rangi, yale magumu ya punje nyekundu, buluu na nyeusi, nunua matatu au manne yakiwa na maganda yake yamegeuzwa nyuma. Ngano nunua shada moja.

Nyumbani, yafute maboga kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kijiko kimoja cha mezani kwa lita nne za maji, uyakaushe kabisa. Boga zima likiwekwa mahali pakavu penye nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi hukaa miezi. Lililokatwa hukaa siku chache tu, kwa hiyo kisu kisiguse boga lolote kabla ya tarehe 29.

Cha kuokota na cha kuacha

Majani ya mepo na ya mwaloni yaokote yangali laini. Ukiyaweka mezani hivyohivyo, siku ya pili yatajikunja na ya tatu yatasagika juu ya chakula. Changanya sehemu moja ya glisirini na mbili za maji, mimina kwenye trei, laza majani, uyakandamize kwa trei nyingine yazame, uyaache siku tatu hadi sita. Yakitoka yafute kwa kitambaa. Yatabaki laini msimu mzima, rangi ikiwa imekolea kuelekea kahawia.

Mbegu za mwaloni na koni za msonobari zipitishe kwenye oveni kwa nyuzi 95 hivi kwa muda wa saa moja, zikiwa zimetandazwa kwenye trei, nawe ukiwa karibu. Ndani ya mbegu za mwaloni hukaa viluwiluwi vya fukusi, na hakuna mwenyeji anayetaka vitoboe na kutoka wakati wageni wako kwenye mchuzi. Joto hilo pia hufungua magamba ya koni.

Liko jambo la kisheria ambalo wageni wengi wa Marekani hawalijui. Sheria ya mwaka 1918 inayotekeleza mkataba wa kulinda ndege wahamao inakataza kuchukua manyoya, mayai na viota vya karibu ndege wote wa asili wa nchi hiyo, hata ukiviokota chini vimeanguka. Kunguru naye yumo. Kwa hiyo lile nyoya jeusi la kunguru na kile kiota tupu ulichokiona kwenye kichaka, vyote viache. Manyoya yachukue kwa mfugaji: ya kuku, ya bata bukini wa kufugwa, au ya kanga, ambayo kwa madoa yake meupe juu ya kijivu hupendeza kuliko ya kunguru. Kiota kitengeneze mwenyewe kwa kusokota mizabibu mikavu au mabua. Ndani ya mbuga za taifa usiokote chochote.

Vilevile kuna mmea utambaao unaoitwa bittersweet, wenye vitunda vya chungwa na vyekundu, unaopendwa sana katika mapambo ya msimu huu. Sikushauri uutumie. Vitunda vyake vina sumu, na ile aina iliyotoka Asia imevamia misitu ya mashariki mwa Marekani na kunyonga miti. Ndege hula mbegu wakazisambaza, nawe ukiutupa nyuma ya nyumba utakuwa umesaidia kazi hiyo. Matunda ya waridi yaliyokauka yatakupa wekundu uleule.

Mbao za ghala zilizochakaa ni msingi mzuri wa pambo, lakini chukua zisizopakwa rangi. Rangi za nyumba zilizouzwa Marekani kabla ya 1978 huenda zina madini ya risasi, na ubao unaobambuka hauna nafasi kando ya mkate.

Vipimo vya meza

Chukua utepe wa kupimia kabla hujapanga kitu. Meza ya kulia huwa na upana wa sentimita 90 hadi 100. Sahani, uma na glasi za mtu mmoja hula kama sentimita 35 kutoka ukingoni. Toa pande zote mbili, utabakiwa na ukanda wa sentimita 20 hadi 30 katikati. Ukanda huo ndio shamba lako, na boga lisilotosha humo lipeleke kwenye kabati la pembeni au mlangoni, hata kama ndilo ulilolipenda kuliko yote.

Kwa urefu wa kwenda juu, keti kitini: pambo lisipite kidevu chako, yaani sentimita 30 hivi kutoka mezani. Kitu chembamba kama mshumaa mrefu au tawi moja kinaweza kupita hapo, kwa kuwa jicho huona pande zote mbili za kitu chembamba. Kinacholeta ukuta ni boga juu ya boga, au shada nene la ngano lililosimamishwa katikati, ambalo hulazimisha watu kuchungulia kwa pembeni kila wanapotaka kuzungumza.

Kisha fikiria chakula kitapita wapi. Miongozo mingi ya Kimarekani huchukulia kwamba kila mtu ataletewa sahani yake. Kama wewe utaweka sinia la pilau katikati na mabakuli ya kachumbari pande mbili, pambo moja refu litakushinda. Ligawe mara mbili, kila upande wa meza kundi lake, uache katikati wazi kabisa kwa upana wa sinia na mikono inayolifikia. Sinia likija, litakaa katikati ya mianga miwili, na hakuna pambo linaloshinda pilau inayofuka moshi.

Kujenga

Anza na gunia. Wachomaji kahawa katika miji mingi ya Marekani huuza magunia matupu kwa bei ndogo au huyatoa bure, na ukibahatika utapata lenye chapa ya Kenya au Tanzania. Likung'ute nje, lipigwe pasi ya mvuke. Ili ulikate kwa mstari ulionyooka, usitumie rula: chomoa uzi mmoja kutoka upande mmoja hadi wa pili, utaona mfereji mwembamba umebaki, fuata mfereji huo kwa mkasi. Kata ukanda wa upana wa sentimita 30, kisha chomoa nyuzi nne au tano kila ukingo ili upate matamvua. Maandishi ya chapa yaelekeze upande wa wageni.

Juu ya gunia weka ubao, mfupi kuliko meza kwa theluthi moja. Ubao unalinda meza dhidi ya nta na dhidi ya boga linaloanza kulowa kitako bila kuonekana, na unakuwezesha kuinua pambo zima kwa pamoja wakati wa kupangusa.

Sasa boga kubwa. Usiliweke katikati kabisa. Liweke theluthi moja kutoka mwisho wa ubao, kikonyo kikiinamia upande ulio mtupu. La pili, dogo kidogo na la rangi tofauti, liegemee la kwanza. Upande wa pili, mbali nayo, weka kibuyu kikiwa kimelala, shingo yake ikielekea kwenye maboga. Hapo una vitu vitatu na nafasi kati yake. Simama, zunguka meza, keti kwenye kila kiti. Ukiona kisogo cha pambo kutoka kiti chochote, geuza kitu kimoja hadi kila mlaji awe na upande wa mbele. Hatua hii ndiyo ninayotaka uipe muda mrefu kuliko zote. Maboga yakishakaa sawasawa, mengine yatajipanga karibu yenyewe. Yakikaa vibaya, hakuna majani yatakayoficha.

Baada ya vizito, vingie vya kati: mahindi ya rangi mawili, maganda yake yakichomoza nje ya ubao, na maboga madogo matatu yaliyotawanyika pasipo mpangilio wa mstari. Masuke ya mtama yalaze, usiyasimamishe. Yafunge matatumatatu kwa kamba ya mkonge, uyachomeke chini ya ubavu wa boga ili yaonekane yanatokea humo. Kisha vyepesi: majani yaliyolainishwa, mbegu za mwaloni kiganja kimoja, manyoya mawili ya kanga.

Weusi wa Halloween tumia wa kweli. Zabibu nyeusi kishada kimoja. Tini. Komamanga lililopasuliwa kwa mkono, lisikatwe kwa kisu, likiachwa wazi na punje zake nyekundu kwenye bakuli dogo la chuma. Katika mwanga wa mshumaa watoto wataona damu na wakubwa wataona matunda ya kula baada ya mlo. Tawi moja la mti wa tofaa, kavu, lenye ndere za kijivu, likilazwa juu ya vyote kwa mshazari, linakupa mkono wa mzimu bila kununua mzimu. Hapo simama. Mkono ukitaka kuongeza, ondoa kitu kimoja badala yake.

Kuhusu bundi, nakupa tahadhari ya kirafiki. Katika mapambo ya Kimarekani yeye ni ndege mzuri wa msimu, anachongwa kwa mbao na kuketishwa juu ya tawi. Lakini kama bibi amekuja kutembea kutoka nyumbani, au shemeji ameshuka uwanja wa ndege juzi, bundi juu ya meza ya chakula si jambo dogo kwake. Mweke popo, au usiweke kiumbe chochote.

Mwanga

Mishumaa ya nta ya nyuki ndiyo inayofaa meza hii. Ina rangi ya asali, harufu yake ni ndogo na haigombani na chakula, na ikiwa utambi umepunguzwa hadi milimita 6 huungua bila moshi mwingi. Mishumaa yenye manukato ya dukani usiiwashe karibu na sahani; pua ikishajaa vanila ya bandia haitasikia hiliki kwenye pilau.

Weka mitano, ya urefu mbalimbali, kwenye vishikio vya chuma au shaba. Ukitaka vishikio vya boga, chukua Jack Be Little, ng'oa kikonyo, toboa kwa drili tundu la milimita 22 na kina cha sentimita 3, ulivishe ndani karatasi ya aluminiamu ili nta isizame kwenye nyama. Mshumaa mrefu wa kawaida wa Marekani una unene huohuo. Hakikisha umesimama wima, maana boga dogo ni jepesi na mshumaa mrefu hulipindua. Kwa boga dogo tumia mshumaa wa sentimita 15.

Masuke ya ngano, maganda ya mahindi na mabua makavu hushika moto kwa kasi. Acha sentimita 30 kati ya mwali na kitu chochote kinachoweza kuungua. Kwenye meza nyembamba nafasi hiyo haipatikani pande zote, na hapo uamuzi ni mmoja: ama mshumaa uwe ndani ya chemni ya kioo iliyo ndefu kuliko mwali, ama uwe wa betri. Mahali ambapo watoto watakaa na mavazi yao ya kuigiza, yenye mikono mipana na manyoya ya nailoni, tumia ya betri bila kusita. Kandili kuukuu ya ghalani yenye mshumaa wa betri ndani yake hupendeza kama iliyowashwa. Na mtu wa mwisho kutoka chumbani azime kila mwali.

Zima taa ya dari, ila uache ya jikoni ikiwaka ili nuru ifike kidogo kupitia mlangoni. Giza lizidi pembeni mwa chumba, lakini mezani mtu aweze kuona mwiba wa samaki.

Namna mbili nyingine

Kwa meza ndogo ya watu wanne, boga moja lililogeuzwa kuwa chombo cha maua linatosha. Kata kifuniko chenye upana wa mdomo wa chupa utakayotumia, chimba ndani kwa kijiko cha chuma hadi nyama ibaki unene wa sentimita 2, kausha kwa karatasi, kisha ingiza chupa ya kioo ya mdomo mpana yenye maji. Maua yakae kwenye chupa. Maji yakigusa boga moja kwa moja utakuwa na uozo kesho yake. Badala ya ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua, ambayo ni plastiki na hubomoka kuwa vumbi lisilooza, kunja kipande cha wavu wa banda la kuku ukitie mdomoni mwa chupa. Krisanthemu za rangi ya kutu, masuke mawili ya mtama, tawi moja lenye matunda ya waridi. Ukiwa na paka au mbwa, weka maua hayo mbali naye kwani humdhuru.

Namna ya pili ni ile ya Ireland. Nunua tanipu kubwa, kipenyo cha sentimita 12 au zaidi, kata kilele, chimba kwa kijiko chenye ncha kali hadi ukuta ubaki sentimita moja. Ni kazi ngumu ya mkono, ngumu kuliko boga mara kadhaa, na mtoto asiachiwe kisu. Chonga macho mawili na mdomo mwembamba. Taa iwe ya betri, kwa sababu tanipu ikiungua hutoa harufu nzito ya kabichi. Ikikaa siku mbili hunywea na kukunjamana, na hapo ndipo uso unapokuwa uso. Tatu za namna hii, juu ya ubao mtupu, bila jani wala suke, zinatosha meza nzima.

Harufu unaweza kuitia bila mshumaa. Chukua machungwa mawili, yatoboe kwa kijiti cha mshikaki katika mistari ya mzunguko, uchomeke karafuu katika kila tundu. Karafuu nzima, za Pemba ukizipata kwenye duka la Waswahili au la Wahindi, zenye vichwa vyake, si zile zilizovunjika. Yapange kando ya mahindi. Mdalasini wa vijiti ufunge kwa kamba ya mkonge, kimoja kwa kila mgeni, juu ya kitambaa cha mkono.

Baada ya wageni

Boga likiwa na mishumaa iliyoyeyukia juu yake, haliliki. Yaliyobaki mazima, yasiyopakwa rangi wala kutobolewa, yapeleke jikoni: Jarrahdale, Rouge Vif d'Etampes na Long Island Cheese yana nyama nzito, nzuri kuliko yale makubwa ya kuchonga, ambayo ni ya majimaji. Katakata vipande vikubwa na ganda lake, chemsha kwa tui jepesi mpaka viive nusu, kisha tia tui zito, sukari kidogo, hiliki na chembe ya chumvi, uache moto mdogo hadi tui lishike. Kabla ya kupika onja kipande kibichi kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, tupa boga lote. Uchungu huo unatoka kwenye kemikali inayoumiza tumbo. Vimumunye vya mapambo vya madoa na vinundu ndivyo vyenye uchungu huo mara nyingi, kwa hiyo hivyo havipikwi kamwe.

Mbegu zioshe, zikaushe usiku mmoja, uzikaange kavu na chumvi. Yaliyochongwa yaende kwenye mboji, yakiwa yametolewa nta na karatasi ya aluminiamu.

Ngano, mtama, mahindi na kibuyu visitupwe. Sikukuu ya Shukrani ya Marekani huja Alhamisi ya nne ya Novemba, na kwa meza hiyo utaondoa tawi kavu, manyoya na tanipu, utaweka tofaa na mkate mahali pake, na gunia litabaki lilipo. Baada ya hapo masuke yafunge kwenye mfuko wa karatasi, uutundike mahali ambapo panya hawafiki. Usitumie mfuko wa plastiki, maana unyevu ukibaki ndani utakuta ukungu mwakani. Mahindi yatie kwenye jokofu la kugandisha siku nne kabla ya kuyahifadhi, yasije yakazaa fukusi kabatini.